Chini ya Paa la Mkwe

Mdogo wangu hakunialika mimi. Alimwalika Mama, kisha akasema ni vizuri mtu amsindikize, na kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa, nikawa huyo mtu. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilitaka kwenda kujionea, na nisiwafiche, nilitaka nikute kasoro.

Mume wake ndiye meneja wa loji moja kule Homa Bay, chini ya milima ya Gwassi, mahali ambapo ziwa limeingia ndani ya nchi kavu na kutulia. Watu wanatoka Nairobi, wengine ng'ambo, kuja kulala pale. Asubuhi wanapanda mlima. Mlima huohuo mimi na mdogo wangu tuliupanda tukitafuta kuni, na hakuna aliyetupa chupa ya maji wala kutupiga picha tulipofika juu. Mchana wanapelekwa ziwani kuvua mbuta, yule samaki mkubwa. Wakimpata wanampakata, wanapiga naye picha, halafu wanamrudisha majini. Mama aliposikia habari hiyo mara ya kwanza aliuliza kama ni watu wagonjwa.

Mimi pia nina loji, ukipenda kuiita hivyo. Iko Migori mjini, nyuma ya soko. Watu wanaiita lojingi, nami nimeacha kubishana nao. Ni vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, mabati juu, choo na bafu kule mwisho, na karai unapewa ukiuliza. Wateja wangu ni wafanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani, wanaotoka kisiwa cha Remba na magunia yao, na vijana wa machimbo ya dhahabu ya Osiri ambao wakioga maji yanabaki mekundu sakafuni. Shuka nazifua mwenyewe. Harufu ya omena haitoki kwenye shuka, tia dawa yoyote unayoijua. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Milango yote aliitengeneza yeye, na ndiyo kitu pekee pale ambacho wageni wanakisifu.

Sasa, kwetu sisi mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Ni kwer, mwiko, na hata sisi Wasabato tunaojidai tumeyaacha mambo ya wazee, huo hatujauacha. Lojingi yangu ina paa moja, kuanzia chumba cha kwanza hadi cha mwisho, na cha mwisho ndicho tunacholala mimi na mume wangu. Kwa hiyo Mama akija Migori, kwa kliniki au kwa shughuli za kanisa, anakunywa chai kwangu, anakula kwangu, halafu jioni nambebea mkoba wake tunavuka barabara hadi kwa mjane mmoja tunayesali naye. Analala huko. Ndivyo imekuwa miaka yote tangu tujenge.

Hilo liliniuma, jamani. Mtu ana vyumba vya kulaza wageni, anawalaza walevi na wachimba migodi, na mama yake mzazi analala kwa jirani. Chumba cha kwanza nilikinunulia godoro jipya, zito, nikaliacha ndani ya nailoni yake, na hakuna mteja niliyemruhusu kulilalia. Nilikuwa namwekea Mama. Nilichotaka ni usiku mmoja tu. Aamke kwangu, nimpelekee maji ya moto, aniambie kitanda changu ni kizuri. Siku moja nilimwambia mume wangu apande akate mabati kati ya chumba cha kwanza na cha pili, aache mwanya hata wa kiganja, ili chumba kile kihesabiwe kuwa na paa lake. Alipanda kweli, maskini, akachungulia huku na huku.

"Na mvua?" akauliza akiwa juu ya ngazi.

Nikamwambia mvua na inyeshe. Akateremka, akarudi kwenye mashine yake ya kuchomelea.

Halafu mdogo wangu anapiga simu. Nilikuwa nimemtembelea Mama nyumbani kwake, upande wa Magunga, na nikaweka spika ili tusikie wote.

"Mama, huku kwetu kila chumba ni nyumba yake, na kina paa lake," alisema. "Kuna moja nimekuchagulia, inatazama ziwa. Njoo ulale."

"Nitakuja," Mama akasema.

Hivyo tu. Hakuuliza mkwe analala wapi, hakusema ngoja nifikirie. Kumbe paa tu ndilo lilikuwa likinikosesha mama yangu. Wenye pesa wanajengewa kila mtu paa lake kwa kuwa hawapendi kusikia jirani akikohoa, na bila kujua wametimiza mila yetu kuliko mimi niliyezaliwa nayo. Nilicheka na Mama, nikasema ni jambo jema, na usiku nilipofika kwangu nikamgombeza mume wangu kwa ajili ya bawaba tu ya mlango.

Tulienda Jumapili, Sabato ikiwa imeshapita. Loji ilituma gari. Lilikuwa na baridi ndani hata Mama akajifunika leso mabegani, akasema afadhali angekuja na sweta. Dereva alimfungulia mlango na kumuuliza kama yuko sawa, mara kwa mara, njia nzima. Mimi hakuniuliza.

Pale mlangoni tulipewa vitambaa vyenye unyevunyevu vya kupangusa uso, vinanukia ndimu, na juisi baridi. Mama alipangusa uso, akapangusa shingo, akapangusa na miguu. Mdogo wangu alikuja mbio akamkumbatia. Nyuma yake akaja mumewe, shati jeupe, viatu safi utadhani hakanyagi chini.

Hapa lazima nieleze jambo. Mume wangu akikutana na Mama, kuna utaratibu. Anasimama mbali kidogo. Mama anageuza uso pembeni, wanasalimiana kila mmoja akitazama chini, wanaulizana habari za mvua. Mkono hawapeani. Tangu walipojuana hawajawahi kugusana hata kidole. Chakula, Mama anakula ndani na mume wangu anakula nje, na akipita mlangoni Mama anavuta leso akajisitiri. Hiyo ndiyo heshima ya maro, yaani mama mkwe, na mkwe wake, na mimi nimeizoea hata siioni.

Sasa huyu wa loji akanyoosha mkono, na Mama akaupokea. Akaupokea kwa mikono yake miwili. Akamtazama usoni, akamuuliza habari za kazi, akacheka kwa jambo alilojibiwa. Nilisimama pale na gilasi yangu ya juisi. Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa amebana midomo na kutazama viatu vyake, nami nikajua anazuia tabasamu la ushindi. Haya, furahi, nikasema moyoni. Pesa imelainisha hata mwiko.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa upande wa maji. Kitanda kilikuwa kipana, watu wanne wangelala bila kugusana, na ukilala unaona ziwa na visiwa na mitumbwi ikipita kule mbali. Kulikuwa na beseni kubwa la kuogea, na kando yake mawe meupe yaliyopangwa tu, hayana kazi. Taulo zilikunjwa zikawa ndege. Mama alimwinua yule ndege kwa uangalifu akamweka juu ya kiti, asiharibike, akajipangusa kwa leso yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zilikuwa taulo nzuri. Nilizishika nikazinusa. Nilipitisha kidole juu ya fremu ya mlango nikitafuta vumbi, sikupata. Nikainama chini ya kitanda, sikupata kitu. Mwishowe nikaona mjusi ukutani, nikafurahi kweli, mpaka nilipoona kikaratasi mezani kinachosema mijusi ni marafiki wa loji na wageni wasiwaogope. Hata mjusi wao ameajiriwa.

"Nyathina, mwanangu, unatafuta nini?" Mama akaniuliza.

"Pini yangu," nikasema.

Jioni tulikula sote kwenye meza moja. Mama, mdogo wangu, meneja, na mimi. Mama na meneja, meza moja, chumvi moja! Nilitafuna polepole nikiwatazama. Kabla ya chakula waliletwa omena, wachache, wamekaangwa wakakauka, ndani ya kibakuli cha kioo na kipande cha ndimu pembeni. Omena! Wale ninaopigana nao watoke kwenye shuka zangu, hapa wamewekewa kioo. Mgeni wa meza ya pili alimpiga mmoja picha kabla ya kumla.

Meneja alizungumza vizuri. Sitamsingizia. Alimweleza Mama jinsi wageni wanavyopelekwa mbuga ya Ruma kuwatazama wale swala wakubwa wasiopatikana kwingine Kenya, na Mama akamweleza jinsi wazee walivyowala. Walicheka pamoja. Mdogo wangu hakula sana. Nilikuwa naogopa atasimama aigize ng'ombe wangu.

Huyo ng'ombe ni hadithi ya ukoo. Mume wangu alipokuja na wazee wake kutoa mahari, alileta ng'ombe wake, na mmoja alikuwa anachechemea. Mdogo wangu alikuwa msichana wa shule wakati huo. Aliigiza ule mwendo mbele ya wageni, nyonga juu, nyonga chini, watu wakavunjika mbavu. Ameuigiza kila Krismasi tangu hapo. Yeye mwenyewe shughuli yake ya mahari hatukuiona. Yeye na meneja walikutana kazini Mombasa, tukasikia wanaishi pamoja, baadaye tukasikia kuna mtoto, nasi tukazoea kusema mume wake. Siku hizi wengi wanaanza hivyo. Usiku ule hakuigiza mtu, na nilishukuru, ingawa nilimchukia zaidi kwa kunihurumia.

Tulipotoka mezani, manyunyu yalikuwa yameanza. Tulitembea taratibu, Mama kanishika mkono, na tulipofika mlangoni nikagundua hatujalowa. Nikainua macho. Njia yote ilikuwa imeezekwa, nyasi zilezile, nguzo zilezile. Nikatoka hatua mbili mvuani nikaangalia vizuri. Paa lilianza kwenye chumba cha kulia, likafuata njia, likaungana na nyumba yetu, likaenda hadi nyumba ya jirani, na upande wa pili likapita mapokezi likaishia juu ya nyumba ya meneja. Wamefanya hivyo wageni wasinyeshewe. Halikukatika mahali popote. Lilikuwa paa moja, refu kuliko la kwangu.

Sijui niseme nini juu ya furaha niliyoipata. Nililowa na sikujali. Kasoro yangu hii hapa, na ni ile hasa niliyoitaka. Niliingia ndani nikamkuta Mama ameketi kitandani anavua viatu.

"Mama, umeona mvua haikutupata?"

"Nimeona. Wamejenga vizuri."

"Unajua ni kwa nini? Paa halijakatika. Linatoka hapa juu yako linaenda mpaka kwa meneja. Ni moja, Mama."

"Nimeliona tangu mchana," Mama akasema, akaweka kiatu kimoja chini.

"Umeliona?"

"Si nina macho?"

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilianza kusema kwa sauti ya chini, sikumaliza kwa sauti ya chini. Nilimwambia kwangu anavuka barabara hata kukiwa na matope. Kwangu anamgeuzia uso mume wangu, hapa anashikana mikono na kula meza moja. Nikamwambia habari za godoro lililomo kwenye nailoni mpaka leo, na habari za mume wangu juu ya ngazi akiangalia mabati. Nikasema, "Kwangu kuna miiko. Kwa huyu, kwa sababu taulo zimekuwa ndege, hakuna miiko. Mkwe wako analala chini ya paa hilihili, na wewe unavua viatu."

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alivua kile kiatu cha pili.

"Mkwe gani?" akauliza.

"Mume wa mtoto wako."

"Wewe ulikuwepo ng'ombe wake walipoingia kwangu? Ulipika chakula cha wazee wake?"

Niliinama nikavipanga viatu vyake.

"Ni kijana mzuri. Nampenda, ananichekesha," Mama akasema. "Lakini hajakuja. Hajakuja hata na kuku. Mtu ambaye hajaja si mkwe wangu, ni mtu tu, na mtu nampa mkono na kula naye. Hapa mimi niko hotelini, nyathina. Nimealikwa nilale, nitalala."

Alipandisha miguu kitandani, akajaribu mto kwa ngumi.

"Kwako silali kwa sababu kwako kuna mkwe. Huko Migori ninapovuka barabara, yule mjane huniuliza ninakuja kulala kwake kwa nini, ilhali anajua. Anataka tu nimjibu. Nami namjibu kwamba kule ng'ambo yuko mkwe wangu. Napenda kulisema hilo." Kisha akaongeza, "Na yule ng'ombe mnayemcheka, aliyechechemea, ndiye aliyezaa kuliko wote. Maziwa yake yalimsomesha huyu mdogo wako mwenye taulo."

Aliomba, maombi marefu, akataja majina yetu sote mpaka na la meneja. Kabla sijazima taa alikuwa ameshashikwa na usingizi.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, nisiseme uongo. Nililala kando yake nikilirudia kila neno. Halafu nikakumbuka pale mlangoni, mkono wa Mama ndani ya mkono wa yule mwanamume, na mdogo wangu amebana midomo akitazama viatu. Nikakumbuka hakula. Furaha yangu ikaanza kupungua. Nilijaribu kuishikilia, kwa kuwa nilikuwa nimeingoja miaka mingi.

Asubuhi mdogo wangu alileta chai mwenyewe. Wana wahudumu wa kazi hiyo, wenye sare, lakini alikuja mwenyewe na trei. Mama alikuwa bafuni, anayafurahia maji ya moto. Mdogo wangu akaweka trei kwenye meza ya barazani, hakukaa.

"Mama alilala, dada?"

"Alilala."

"Hakutoka? Hakusema anataka kupelekwa mahali?"

"Hapana. Alilala fofofo, hata alikoroma."

Alipanga vikombe ambavyo vilikuwa tayari vimepangwa.

"Kuna mama mmoja wa kanisa anakaa hapo juu barabarani," akasema. "Nilikuwa nimemwomba chumba. Nilitandika mwenyewe jana asubuhi. Kwenye simu nilisema kila chumba kina paa lake ili aje tu. Nilifikiri Mama akiliona hili paa..." Hakumaliza. Alimwaga chai kidogo kwenye sahani, akaipangusa kwa kidole. "Nilimwambia huyu mume wangu asinyooshe mkono. Anasema hayo ni mambo ya zamani, na habari ya ng'ombe kila nikiuliza ni mwakani, mwakani."

Ningeweza kumwambia Mama anampenda kijana, lakini hilo silo alilokuwa anauliza.

"Kwako huwa analala kwa yule mjane, sivyo?"

"Ndiyo."

"Kila mara?"

"Kila mara," nikasema.

Aliniangalia. Najua macho yale. Ndiyo macho niliyoangalia nayo kitanda chake, na beseni lake, na mawe yake meupe.

Mama akatoka bafuni akinukia sabuni yao, amevaa gauni lake la kanisani, amependeza. Alikunywa vikombe viwili. Alimsifu mdogo wangu kitanda. Alisema maneno yote niliyokuwa nimeyaota kusikia mimi, kwamba ni laini, kwamba hakugeuka hata mara moja, kwamba mgongo umepona. Mdogo wangu aliitika kila neno, "Asante, Mama," "Asante, Mama," na sauti yake ikawa inapotea.

Gari lilipofika, meneja alikuja pale barazani kutuaga. Nilitazama mikono yake. Alikuwa ameiweka nyuma, nadhani alikuwa ameambiwa tena asubuhi hiyo. Alisimama mbali kidogo, akainamisha kichwa, akijaribu, kwa kweli alijaribu.

Mama akaenda mpaka pale alipo, akamtazama usoni kwa upendo, akamnyooshea mkono.

Mdogo wangu akageuka akaanza kukusanya vikombe.